Miche Mitano Nyuma ya Tangi

Mwishoni mwa Desemba niliacha viriba 36 vya mipapai uani kwangu Chamazi, nikaenda Same kwa wakwe zangu kwa siku kumi. Miche ilikuwa na majani manne manne, ule umri ambao mwenye kitalu hupita kuitazama asubuhi na jioni hata kama hana la kuifanyia. Nikamwendea jirani, mama mtu mzima.

"Shikamoo mama. Nina safari kidogo, naomba unisaidie kuitupia maji miche yangu."

"Marahaba mwanangu. Nenda salama, hiyo niachie mimi."

Niliporudi alinipokea pale pale mlangoni, hata begi sijalitua. "Mwanangu, maji nimemwaga mpaka mkono unaniuma, lakini miche yako imekataa."

Ilikuwa imekataa kwa namna mbili. Safu ya mbele, inayopigwa na jua kutwa, ilikauka mpaka majani yanasagika vidoleni kama tumbaku. Safu ya nyuma, kwenye kibonde cha sakafu karibu na ukuta, ilikuwa imelala chini; shina limekonda na kuwa jeusi pale linapokutana na udongo, huku udongo wenyewe umelowa tepetepe. Iliyokuwa hai ni mitano tu, nayo ndiyo iliyonishangaza. Siku ya kuondoka niliisukumia nyuma ya tangi la maji ili kupisha baiskeli, na mama hakujua kama ipo. Siku zote kumi hakuna aliyeipa hata kikombe.

Iliyomwagiliwa imekufa, isiyomwagiliwa imepona. Nilikaa na fumbo hilo wiki nzima kabla sijalipata, na tangu hapo nimeacha kuanzia pale tunapoanzia wengi wetu tunapotaka miche ijinyweshe tukiwa safarini: chupa ipi, mpira upi, taima ya kufungulia bomba ya bei gani. Kabla ya hayo kuna la kujiuliza: maji ya mche yanakaa wapi, na yanatokea wapi?

Kiriba ni tangi, tena dogo

Chukua kiriba cha kawaida, upana sentimita 10, kimo cha udongo sentimita 15. Ndani yake mna udongo wa lita moja na ushei. Kwa udongo wa kichanga kama wetu wa Pwani uliochanganywa na samadi kidogo, maji ambayo mizizi inaweza kuyavuta ni kama sehemu moja ya kumi ya ujazo huo. Hiyo ni mililita 120 hivi, nusu ya kikombe cha chai. Mengine unayomimina juu ya hapo yanapita kwenye matundu ya chini, yanakwenda zake.

Sasa angalia upande wa matumizi. Dar es Salaam kipindi cha kiangazi cha Desemba na Januari, jua na upepo wa kaskazi vinaweza kuondoa milimita 4 hadi 6 za maji kwa siku katika eneo lenye mimea, na milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Ukikigawia kiriba kimoja fungu lake, jumlisha na anachokunywa mche mwenye majani manne mapana, unapata kama mililita 60 kwa siku juani. Tangi la mililita 120, matumizi mililita 60: siku mbili limekwisha. Mpapai ule ule ukiwa ardhini kwa mwaka mmoja ungekuwa na mizizi inayotafuta maji mbali na chini, na siku kumi zisingeushtua. Uchanga wa mche ni udogo wa tangi lake.

Ndiyo maana kumwaga maji mengi siku ya kuondoka hakusaidii kitu. Nimeona watu wanaloanisha kitalu mpaka kinaelea, wanafunga geti wakiwa na amani moyoni. Hawajaongeza hata siku moja.

Lakini fanya hesabu hiyo hiyo kwa upande mwingine. Viriba 36 kwa mililita 60 kwa siku kumi ni lita 22 hivi. Ukivihamishia kivulini na kuvikinga na upepo, matumizi yanaweza kushuka hadi nusu. Tunazungumzia lita 11, yaani zaidi kidogo ya nusu ya ndoo ya kawaida ya lita 20. Maji yenyewe ni kidogo sana! Kazi iliyopo ni kuyafikisha kidogo kidogo kwa siku zote kumi, na kupunguza kiu.

Kiu inapunguzwaje

Jani linapumulia kwenye vitundu vidogo mno, na kwa mipapai vingi viko upande wa chini. Vikiwa wazi, hewa inayohitajiwa kutengenezea chakula inaingia, na mvuke wa maji unatoka. Hewa ya nje ikiwa kavu, ya moto na yenye mwendo, mvuke unatoka kwa kasi. Ikiwa imetulia na ina unyevu, unatoka taratibu. Upepo ndio unaosahauliwa. Mtu anahamisha miche kutoka juani anaiweka kwenye uchochoro kati ya nyumba mbili, mahali penye kivuli kizuri lakini upepo unapita kama kwenye bomba, halafu anashangaa.

Nyuma ya tangi langu hapakuwa na jua wala upepo, na tangi lenyewe, likiwa na maji, halipashi joto haraka kama ukuta. Hiyo ni sababu ya kwanza ya ile mitano kupona.

Viriba vikibanana vinasaidiana pia. Majani yanatengeneza unyevu wao wenyewe katikati, na pembeni mwa plastiki hapapigwi na joto. Vya pembeni kabisa ndivyo vinavyoumia, kwa hiyo pembeni weka miche mikubwa, au zungushia magunia yaliyoloweshwa.

Matandazo juu ya udongo, majani makavu ya mgomba au nyasi zilizokatwakatwa, yanazuia maji kuruka kutoka juu ya udongo. Yasiguse shina. Huku kwetu kuna mambo mawili ya kuangalia: mchwa, ambao watafurahia nyasi kavu ukiwa hupo, na kuku, ambao wakiona matandazo wanaona meza. Kuku mmoja wa jirani anaweza kufanya ndani ya nusu saa uharibifu ambao kiangazi kingeufanya kwa wiki.

Kuna na mambo ya kutofanya. Usihamishe mche kwenye kiriba kipya siku chache kabla ya safari. Vinyweleo vya mizizi ndivyo vinavyonyonya maji, vinakatika kwa kuguswa tu, na vinahitaji kama wiki mbili kujirudi. Usitie urea, maana majani yatatoka mapana na laini, na kila jani jipya ni mdomo mpya. Kama ni nyanya zilizoanza kuchanua, ondoa maua. Kama ni mchicha, vuna ule, usimwachie mtu wasiwasi.

Mama alikosea wapi?

Hakukosea peke yake, maana mimi ndiye niliyemwambia "kuitupia maji" bila kipimo. Siku ya tatu alipata msiba Kibiti, akarudi siku ya sita. Katika siku hizo udongo wa safu ya mbele ulikauka kabisa, na udongo wenye samadi au mboji ukikauka kabisa hugeuka kuwa na tabia ya ajabu: unakataa maji. Unasinyaa, unaachana na ukuta wa kiriba, na maji unayomimina juu yanateleza pembeni na kutokea chini ndani ya sekunde chache. Kwa juu unaona pamelowa, ukichimba kidole unakuta vumbi. Aliporudi alimwagilia kila siku, kweli, na maji yakapita kama mgeni asiyekaribishwa.

Safu ya nyuma alitaka kuifidia. Akamwaga mara mbili, asubuhi na mchana, na kwa kuwa pale sakafu imebonyea, maji yakatuama. Mizizi inahitaji hewa iliyo katikati ya chembe za udongo. Maji yakichukua nafasi yote, mizizi inakabwa, na mpapai ni katika mimea isiyovumilia kabisa hali hiyo. Siku mbili za kukaa kwenye maji yaliyotuama zinatosha kuuharibu. Juu yake ukaja kinyausi, ugonjwa wa vitaluni unaoletwa na vimelea wa udongo wanaopenda unyevu uliozidi. Lile shina jembamba jeusi ndilo lililonipa jibu. Tena kinyausi kinadanganya, kwa sababu mche unaooza chini unanyauka juu sawasawa na mche wenye kiu, na mwenye huruma akiona umenyauka anaongeza maji.

Namna ya kutofautisha ni kutazama asubuhi. Mche unaoinamisha majani saa saba mchana na kuyainua jioni hauna tatizo, unajihami na jua. Ukiukuta umelala alfajiri, tia kidole udongoni hadi kifundo cha pili kabla hujafikiria ndoo.

Utambi

Sababu ya pili ya mitano kupona ni ya aibu kidogo. Koki ya tangi langu inavuja, na mke wangu amenisimanga nayo tangu masika. Mchanga wa chini yake una unyevu siku zote, haufuriki wala haukauki. Viriba vilikaa juu ya mchanga huo, matundu yao ya chini yakiugusa, na maji yakapanda.

Anayekumbuka koroboi hahitaji kuelezwa sana. Mafuta yako chini, moto uko juu, na katikati kuna kitambaa kinachoyapandisha bila pampu. Nafasi nyembamba kati ya nyuzi za pamba huvuta kimiminika kuelekea juu, na kadiri moto unavyokula ndivyo mengine yanavyopanda. Mchanga unafanya hivyo hivyo kwa maji, katikati ya punje zake. Mche unakula kwa juu, mchanga unaleta kutoka chini. Mche usipokula, hakuna kinacholetwa. Hapo ndipo ubora wa njia hii ulipo: kipimo anakiweka mwenye kiu.

Ukitaka kuiga koki yangu bila kusimangwa, tandika karatasi nzito ya nailoni kivulini, inyanyue kingo kwa matofali, toboa matundu machache pembeni, sentimita mbili tatu kutoka chini, ili maji yakizidi yatoke. Jaza mchanga safi kina cha sentimita 5, ulowanishe wote, kisha panga viriba vikiwa vimebanana na uvikandamize kidogo huku ukivizungusha, ili udongo wa ndani ukutane na mchanga wa nje. Mguso huo ukikosekana njia imekatika. Na vimwagilie kwa juu mara ya kwanza, kwa sababu utambi mkavu hauanzi wenyewe. Kwa siku tano hivi kitanda hicho kinatosha bila nyongeza. Kwa siku kumi, weka chombo cha maji pembeni na upitishe tambi za kitambaa kutoka ndani ya maji hadi chini ya mchanga.

Kuhusu kitambaa, nilijaribu vipande vitatu kwenye glasi ya juisi ya rosela ili rangi ionekane: kamba ya nailoni, kanga mpya, na kanga iliyochakaa. Kanga ya zamani, iliyobaki na nusu ya jina lake, "…usiyempenda kaja", ilipandisha rangi karibu shubiri nzima kabla ya adhuhuri. Kanga mpya ilisogea kidogo ikagoma, maana ina wanga wa kiwandani. Lazima ifuliwe mara kadhaa. Nailoni haikufanya chochote cha kuandikia. Tambi za jiko la mafuta ya taa, zile mpya za dukani, ni nzuri mno, ila zilizokwishatumika usizilete karibu na mche.

Mtego uko kwenye ndoo. Ndoo ya lita 20 ina kimo cha sentimita 35 au zaidi. Ikiwa imejaa, utambi una kazi ndogo ya kuvuka ukingo. Ikifika nusu, maji yanatakiwa kupanda karibu shubiri nzima kabla ya kushuka upande wa pili, na hapo mwendo unapungua sana. Chini kabisa hayapandi tena. Unarudi unakuta ndoo ina maji nusu na miche imekauka, unadhani ni mazingaombwe. Tumia chombo kipana na kifupi, beseni au dumu lililolazwa na kukatwa ubavu.

Chupa, na mtungi

Chupa ya plastiki iliyogeuzwa kichwa chini ndiyo njia inayosifiwa kuliko zote, na mimi sina imani nayo. Maji hutoka kwenye chupa kwa kadiri hewa inavyoingia kuchukua nafasi yao. Kwenye udongo wa mfinyanzi, tope linaziba tundu na chupa inabaki imejaa. Kwenye kichanga cha Pwani hewa inapita bila kizuizi, na ile ya lita moja na nusu niliyojaribu ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Tena ikibaki nusu ikiwa juani, hewa ya juu inapashwa moto, inatanuka, inasukuma maji nje yote kwa pamoja wakati wa joto, usiku inavuta hewa nyingine. Ukipata tundu la saizi kamili na udongo wa aina kamili itafanya kazi. Jaribu wiki mbili kabla, kwa saa, usiamini picha.

Kwa miche iliyokwisha kupandwa ardhini, mtungi wa udongo hauna mpinzani. Bibi zetu waliweka maji ya kunywa mtungini yakawa baridi kwa sababu mtungi unatoa jasho: maji yanapenya vitundu vidogo vya udongo uliochomwa, yanaruka nje, na yanaondoka na joto. Uzike mtungi huo huo hadi shingoni, na jasho linaingia ardhini badala ya hewani. Udongo wa nje ukiwa mkavu unalivuta. Ukilowa, mvuto unapungua na mtungi unatulia. Wachina waliandika juu ya njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakipanda matikiti kuzunguka vyungu vilivyozikwa. Wa lita 5 unatosha mashimo matatu manne yaliyo ndani ya shubiri moja kutoka ubavuni mwake. Kwenye kichanga usiende mbali zaidi ya hapo, kwani maji hupenda kushuka kuliko kutanda. Kabla ya kununua, tia maji kwanza. Vyungu vingi vya maua vinavyouzwa barabarani vimepakwa rangi au vanishi, havitoi jasho hata tone, na ukivizika umezika pambo. Ule wa kawaida usiopakwa kitu, kama wa wafinyanzi wa Kikisi kule Ziwa Nyasa, ndio unaotakiwa.

Taima ya bomba nitaisema kwa ufupi. Ni nzuri kwa mwenye maji ya uhakika. Sisi wa mgao, inafungua kwa wakati wake saa kumi na mbili asubuhi, na bomba linatoa pumzi. Mwenye tangi lililoinuliwa na mipira ya matone anaweza kuitumia, mradi ihakikishwe kuwa ni ya aina inayofanya kazi kwa msukumo mdogo, kwani nyingine hazifunguki bila presha ya bomba kuu.

Lolote utakaloweka, lifunike. Dar imepata milipuko ya homa ya dengi, ukiwemo wa 2014 na wa 2019, na mbu anayeieneza anazalia hapa hapa nyumbani, kwenye visahani vya maua, makopo na ndoo. Anabandika mayai ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, na mayai yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri. Kwenye joto letu, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Safari yako inamtosha. Beseni lifungwe kwa kitambaa kizito kinachopitisha tambi tu, mtungi uwekewe kibao, na visahani chini ya vyungu viondolewe. Ukirudi, sugua kuta za chombo kwa brashi, usimwage maji tu.

Siku ya kurudi

Kiriba ulichokikuta kimekauka kisimwagiliwe kwa juu. Kizamishe kwenye ndoo ya maji hadi juu ya udongo, mapovu yatatoka. Yakiisha kutoka, kiinue, kiache kichuruzike kivulini. Na usiirudishe miche juani siku hiyo hiyo. Jani lililokaa kivulini siku kumi ni laini, jua la saa sita litalibabua. Saa moja ya asubuhi siku ya kwanza, mbili kesho yake, ndani ya wiki imezoea.

Pasaka nilisafiri tena, siku saba, nikaacha viriba 40 kwenye kitanda cha mchanga. Nilimwendea mama kama kawaida, safari hii na kopo la nyanya mkononi. Nikamwonyesha alama ya kalamu ubavuni mwa beseni: maji yakishuka hapa, makopo manne humu ndani, kwenye miche hata tone. Alikitazama kitanda, akazitazama zile tambi za kanga.

"Kwa hiyo mimi kazi yangu ni kuangalia beseni?"

"Na kufukuza kuku, mama."

"Haya. Na hiyo koki je, utaitengeneza lini?"